Mate ya Baraka

Fizi za Manka ziliwaka kijani chini ya taa, na Manka hakutakiwa kuwaka hata kidogo.

Nilizima taa, nikaiwasha tena. Kijani kilikuwa pale pale, mstari mwembamba uliozunguka shina la kila jino, juu na chini. Nilimwambia afunge mdomo apumzike. Alimeza mate, akaniuliza kama jino lina shida, nikamjibu kwamba jino halina shida yoyote. Ulikuwa ukweli, nami nilijibanza nyuma ya ukweli huo kwa muda ili nipate kupumua.

Manka ni wifi yangu, mke wa kaka yetu Elirehema, na harusi yao bado ilikuwa inazungumzwa vibarazani. Kifuani ana vali ya kutengenezwa, aliyowekewa akiwa msichana baada ya homa ya koo kumharibu moyo. Ukikaa naye mahali pa kimya unaisikia ikigonga kama saa ya mezani. Kwa sababu ya vali hiyo, siku tulipoleta Mlinzi hapa Masaleni, Manka alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa hapana.

Mlinzi ni kijidudu cha kutengenezwa, kinachowaka kijani kikimulikwa. Kazi yake ni kukaa kwenye fizi na kumnyima chakula kijidudu cha zamani, kile kinachofanya fizi zivimbe na kutoa damu unapopiga mswaki. Watu walikidharau cha zamani kwa muda mrefu, wakidhani kinaharibu meno tu. Lakini kwa watu wengine hakiishii kinywani. Kinapenya kwenye vidonda vya fizi, kinaingia kwenye damu, na kinazigeuza protini za mwili kidogo kidogo mpaka kinga ya mwili haizitambui tena. Inaziona wageni, inaanza kuzipiga, na vita hivyo vinapiganwa kwenye vidole, viganja na magoti ya mtu. Bibi zetu waliuita ugonjwa huo baridi yabisi, wakalaumu umande.

Tatizo ni kwamba kijidudu chema nacho ni kijidudu, na kinahama kwa mate. Kwenye damu ya mtu mwenye moyo wake wa kuzaliwa, Mlinzi anasafishwa kabla mtu hajamaliza chai. Akikuta vali ya kutengenezwa anapata ukuta wa kuegemeza nyumba, na akishajenga hatoki kwa kuombwa.

Nilimuuliza Manka anajisikiaje siku hizi. Alicheka kwa aibu. Amekuwa na uchovu, alisema, na kila jioni mwili unapata joto, halafu jasho. Majirani wanamtazama tumbo na kutabasamu, na tayari kuna aliyemletea mtori wa mzazi. Kipimo cha mimba kinasema hapana, ila amenyamaza asiwakatishe furaha yao.

Nilimtoboa kidole, nikaweka tone kwenye kisoma-damu. Namba za uvimbe zilikuwa zimepanda, si sana. Ingeweza kuwa mafua. Nilitaka sana iwe mafua.

"Harusini ulikunywa na nani?" nilimuuliza.

"Na nani tena, wifi? Nilikunywa soda yangu kwenye chupa. Shangazi Ndeshi mwenyewe alisimama karibu yangu, mtu akileta kibuyu cha mbege anakirudisha. Alinilinda mpaka mwisho. Halafu akanibariki, tukaenda kupiga picha."

Nilikuwepo, nilimwona. Kwetu bi harusi haondoki nyumbani bila kubarikiwa na shangazi. Shangazi anachukua funda la mbege, pombe yetu, analizungusha kinywani huku akiwataja waliotangulia, kisha anampulizia binti usoni, midomoni na kwenye viganja. Manyunyu mepesi ya ndizi na ulezi, na ndani yake mate ya mtu mzima anayekutakia mema. Mimi nilikuwa nimemshikia Manka shela. Nilipuliziwa pia, nikajifuta kwa mkono, nikafurahi.

Nilimpa Manka vidonge vya kawaida, nikamwambia avianze pale pale na asiende mbali. Alisema haendi popote ila saluni kwa dada yangu Aikande, ana miadi ya kusukwa mchana. Alipotoka nilifunga mlango, nikachukua kioo cha mkono, nikajifunua midomo kama farasi na kujimulika.

Nilikuwa kijani mpaka magego.

*

Asubuhi ile ile Dakta Tunu alikuwa amepanda mlima kwa kigari cha waya kutuletea majibu ya utafiti, pamoja na taa ya kumulika Mlinzi, iliyokuwa imezuiliwa mpaka utafiti uishe. Dakta Tunu anatoka Baraza la Viumbe vya Kutengenezwa. Ni mwanamke mfupi, mpole, anayekunywa maji ya moto matupu, na huwa hapandishi sauti kwa jambo lolote. Alituambia kwamba Mlinzi ameshindwa.

Alieleza vizuri. Watu wa Masaleni wenye baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipakwa Mlinzi kwenye fizi, lingine lilipakwa maji ya chumvi, na hakuna aliyejua yuko wapi, hata mimi niliyepaka. Wote walisafishwa ukoga, wote walifundishwa kupiga mswaki. Sasa makundi yamefunguliwa na matokeo ni kwamba wote wamepona, kwa kiasi kile kile. Kwa Baraza, hilo lina maana moja tu: kilichowaponya ni mswaki. Chupa za Mlinzi zitateremshwa na kigari cha alasiri, na zikifika chini zitachomwa.

Kisha akaniambia, kwa sababu alidhani nitafurahi, kwamba dada yangu Aikande alikuwa kundi la maji.

Sikufurahi. Aikande ni msusi, na kabla ya utafiti alikuwa msusi aliyeshindwa hata kufunga kifungo. Amepiga mswaki tangu utotoni kutushinda sisi sote, maana mama alimtishia kwa habari za meno ya babu, na vidole vyake viliharibika hivyo hivyo, vikapinda vikielekea upande mmoja. Saluni aliifunga. Alikuwa anakunywa chai kwa kukishika kikombe na viganja viwili kama mtoto. Halafu katikati ya utafiti uvimbe ukaanza kushuka. Alifungua tena saluni, na wanawake wa Masaleni walijipanga mpaka barabarani. Nilipomwona anachambua nywele za mtu kwa ncha za vidole, nililia nikasingizia vumbi. Mswaki haukufanya hivyo, nilijua haukufanya, lakini nilikuwa sina neno la kumjibu Dakta Tunu.

Sasa nilikuwa nalo, nalo lilikuwa kinywani mwangu.

Nilikwenda kwa Shangazi Ndeshi mbio mbio, nikapita katikati ya migomba bila kusalimia mtu. Nilimkuta anamenya ndizi uani. Yeye alikuwa kundi la Mlinzi, hilo nalo nilikuwa nimelijua asubuhi. Zamani alitembea na fimbo na kila mwaliko alitoa udhuru wa magoti. Tangu apone hakosi shughuli. Anabariki maharusi, anabariki watoto wa mtihani, anabariki vijana wanaokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chini ya bahari, na wiki moja aliitwa kubariki mashine ya kukoboa kahawa.

Nilimuuliza kuhusu masharti ya utafiti. Aliyataja yote bila kusita. Alinionyesha kikombe chake chenye utepe mwekundu, ambacho hata mjukuu hakigusi. Alinikumbusha kwamba ni yeye aliyewasema wenzake kanisani kwa kuachia watu vijiko. Alikuwa anasema kweli, kama kuna mtu aliyeyashika masharti Masaleni nzima ni yeye.

"Na kubariki, shangazi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anakula udongo.

"Baraka si mate, Nsia. Mate ni yale unayotema chini."

Nami ndiye niliyeandaa masharti yale. Nilikaa na wataalamu wa Baraza, nikayatafsiri, nikayasoma mbele ya mkutano. Kikombe, kijiko, mswaki, busu. Mimi, mtoto wa hapa hapa, niliyepuliziwa nilipozaliwa, nilipomaliza shule na nilipoolewa, sikukumbuka. Wala haikunijia kichwani kwamba kuna cha kukumbuka. Kwangu pia baraka haikuwa mate.

Nilimuuliza kama aliwahi kumbariki Aikande. Alisema mara nyingi, tangu mikono ilipozidi. Alimpulizia viganja, akampulizia na midomo, akamwombea. Akaongeza kwa majivuno kidogo kwamba ilisaidia, au sikuona?

"Ilisaidia, shangazi. Umewaponya wote."

Nilimweleza. Nilianza na wale waliopona, kwa sababu nilikuwa mwoga, na uso wake ukang'aa. Kisha nikafika kwa Manka. Kisu kilisimama kwenye ganda la ndizi. Alijifuta midomo kwa kona ya khanga, akaifuta tena kwa nguvu mpaka nikamshika mkono.

"Nimemuua mtoto wa watu," alisema.

Nilimwambia bado.

*

Kuna sheria, na kila mtu mlimani anaijua, kwa sababu tulikuwepo mwaka wa chachu. Huo ndio mwaka ambao chachu ya kutengenezwa ilitoroka kiwandani huko magharibi, ikaingia kwenye kila kitu kinachochacha, na kwa misimu miwili hakuna aliyepata togwa, maziwa mgando wala mbege, ni siki tupu. Watu walicheka mwanzoni. Walipoanza kuumwa matumbo na watoto kukonda, hawakucheka tena. Tangu hapo, kiumbe cha kutengenezwa kikionekana kwenye mwili wa mtu asiyekubali kwa kinywa chake, eneo zima linafagiwa.

Ufagio ni dawa. Inaufundisha mwili kumchukia Mlinzi, na mwili ukishafundishwa hausahau. Fizi iliyofagiwa haimpokei Mlinzi tena maisha yote. Inatunzwa kwenye kasha la Baraza, chumba cha nyuma cha zahanati yangu, na kasha halifunguki mpaka taarifa ipelekwe.

Niliketi kwenye jiwe nje ya kihamba cha shangazi, lile shamba lake la migomba, na kuyapanga mambo. Nikinyamaza, chupa zinachomwa, Mlinzi anahesabiwa hafai, na hakuna mgonjwa mwingine duniani atakayempata. Lakini Masaleni tunabaki naye. Aikande anabaki na mikono. Watu watasema ni mswaki, nasi tutaitikia. Nikisema, Dakta Tunu ataelewa mara moja kwa nini makundi yalilingana, na Mlinzi ataokoka. Ataenda kwa wengine, mahali pengine. Hapa patafagiwa, na dada yangu atakuwa mtu wa mwisho duniani kuruhusiwa kumgusa.

Na katikati kuna Manka. Vidonge nilivyompa vingeweza kusaidia kama Mlinzi hajajenga. Kama amejenga, ni Ufagio peke yake unaomng'oa kwenye vali, tena kwa mshipa, tena mapema. Hakuna njia ya kuupata kimya kimya. Nilitafuta njia hiyo kwa bidii, nawaambia, kuliko nilivyowahi kutafuta kitu chochote.

Nilimpigia Dakta Tunu. Nilijidai nauliza jambo la kitaalamu: ikitokea mtu mmoja tu ameambukizwa, je, sheria inaruhusu kumtibu mmoja peke yake?

Nilisikia anaweka kikombe mezani.

"Tabibu," alisema, "unauliza kama mtafiti au kama mtu mwenye mtu?"

Aliniambia sheria hairuhusu. Aliniambia pia kwamba kigari kinateremka alasiri na chupa, na kwamba yeye ni mtu wa kusubiri, ila si wa kusubiri sana. Hakuniuliza jina la mtu. Nilimshukuru moyoni na kumchukia moyoni, yote kwa pamoja.

*

Saluni ya Aikande ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama mlima. Kwenye picha za bibi zetu mlima huo una kofia nyeupe. Sisi tunaujua upara.

Alikuwa peke yake, anapanga vitana. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu nilihofia nikikaa sitamaliza. Hakunikatiza. Aliendelea kupanga vitana, kile chenye meno mapana, kile cha mkia, akitumia vidole viwili viwili kama anayeokota sindano.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na shangazi. Na sasa wewe."

"Mpe vidonge."

"Nimempa."

"Basi mpe muda vifanye kazi. Yeye ni mchovu tu, Nsia. Bi harusi gani si mchovu?"

Nilimwambia muda ndio hatuna. Hapo akanigeukia. Sijawahi kumwona dada yangu na uso ule, hata siku mume wake alipoondoka.

"Mimi sikuomba kuwekwa kundi la maji. Sikumwomba shangazi anipulizie huyo mdudu. Sasa ameshakuja, amenirudishia mikono yangu, halafu wewe unakuja kunieleza sheria. Unajua nilivyokuwa nakwenda chooni? Nilikuwa namwita jirani anifunge sketi. Wewe ulikuwa unakuja Jumapili na matunda."

Yote yalikuwa kweli. Nilitaka kusema nampenda kuliko Manka, na hilo nalo lilikuwa kweli, na lingekuwa neno baya kuliko yote niliyoyasema siku hiyo. Nilikuwa nimekuja pale nikijidanganya kwamba nampa taarifa. Nilikuja aniruhusu kunyamaza, na alipokuwa karibu kuniruhusu nililitamani neno lake.

Ndipo Manka akaingia.

Alitusalimia vizuri, akamwita Aikande dada, akaketi kwenye kiti bila kuona chochote usoni mwetu. Alisema anataka mtindo wa twende kilioni, ile mistari minyoofu ya kurudi nyuma, maana hana nguvu za kukaa kwa mtindo mrefu. Akasema pia rangi ya kucha za harusi imeanza kubanduka na inamtia aibu, kama dada anaweza kumtolea kabla ya kusuka.

Aikande alinitazama. Kisha akavuta stuli, akachukua pamba na chupa, akaanza kufuta rangi kwenye kidole gumba. Nilibaki mlangoni. Nje kuna mtu alikuwa anaita mbuzi.

Alifuta cha kwanza, akafuta cha pili. Kwenye cha tatu alisimama. Aliuinamia mkono wa Manka, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasugua tena ingawa rangi ilikuwa imekwisha. Nikasogea. Chini ya ukucha kulikuwa na vistari vyembamba vya rangi ya damu iliyokauka, vimelala kufuata urefu wa kidole kama vibanzi vya kuni vilivyoingia nyama. Kwenye ukucha uliofuata vilikuwepo pia.

Nilivijua. Vinatokea moyo unapoanza kumwaga vipande vya kile kilichojengwa ndani yake. Aikande hakuvijua, lakini aliuona uso wangu.

Alikwenda nyuma ya kiti, akafungua nywele za Manka, akaingiza vidole vyote kumi mpaka kwenye ngozi ya kichwa kama afanyavyo kwa kila mteja kabla ya kuanza. Alivituliza pale. Kwa miezi mingi kabla ya Mlinzi vidole hivyo havikuweza kutofautisha uzi na nywele.

"Kichwa chako kinachoma, Manka," alisema polepole.

"Kila mchana huwa hivyo, dada. Jioni kinazidi."

Aikande alichukua kitana cha mkia. Akachora njia ya kwanza kutoka paji la uso hadi kisogoni, nyoofu kabisa, akashika nywele tatu tatu na kuanza.

"Piga simu," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba maji kichwani. "Toka nje upige. Na usinisemeshe tena, nisije nikakosea njia."

Nilitoka. Dakta Tunu alipokea kabla mlio haujakwisha, na nilimwambia kila kitu, nikamtajia na jina.

Kigari cha alasiri kilichelewa kuondoka. Ndege ya wagonjwa, ile isiyo na rubani, ilitua kwenye uwanja wa shule na vumbi lake likafika mpaka saluni. Nilirudi ndani kumchukua Manka. Tulikuwa tumekwisha kumweleza kwa maneno machache, na alikuwa analia bila sauti, kichwa kimenyooka, kwa sababu Aikande alikuwa hajamaliza. Wahudumu walisimama mlangoni na machela. Mmoja alitaka kuharakisha. Dakta Tunu alimgusa bega, na yule mtu akasubiri.

Aikande alifunga msuko wa mwisho kwa uzi, akaukata kwa meno.

*

Tulifagiwa kwenye viwanja vya kanisa, familia kwa familia, midomo wazi, mimi nikiwa na sindano ya dawa na Dakta Tunu akiwa na taa. Watu walinitukana kwa adabu, jinsi watu wa kwetu wanavyotukana, wakiniuliza hali ya nyumbani na kama nalala vizuri. Shangazi Ndeshi alitangulia mbele ya wote. Aikande alikuja mwisho. Alifungua mdomo bila kunitazama, na nilipomaliza aliondoka bila kunitazama.

Baraza lilitoa taarifa mpya. Kosa halikuwa la Mlinzi, kosa lilikuwa kwamba kundi la maji halikuwepo. Utafiti utarudiwa mahali pengine, mbali, na watu wengi wataponywa. Walinisifu kwa uaminifu. Sehemu hiyo niliiruka nilipoisoma mbele ya mkutano.

Manka alikaa hospitalini mpaka mahindi yakakomaa. Walimfungua kifua tena, wakambadilishia vali, na Ufagio ukamaliza kazi kwenye damu. Aliporudi alikuwa amekonda, anapanda ngazi kwa kupumzika, lakini alikuwa anacheka. Kichwani alikuwa bado na misuko ile ile. Wauguzi walitaka kuifumua, alisema, akawagomea. Ilikuwa imeota nywele mpya chini na kuchakaa kama kamba ya ng'ombe.

Alitaka ifumuliwe saluni. Aikande alikuwa ameshaifunga tena, ila alifungua mlango kwa ajili yake. Aliusukuma kwa kiwiko.

Alinitumia mtu niende. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu siku ile. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono ameilaza mapajani, viganja juu. Viungo vilikuwa vimevimba tena na vidole vimeanza kuegemea upande wao wa zamani. Manka alikuwa amekaa chini kwenye mkeka mbele yake.

"Simama hapa," aliniambia dada yangu. "Anza na ule wa pembeni. Tafuta uzi kwanza."

Sijui kusuka, sijawahi kujua, alikuwa anajua yeye kwa niaba yetu sote. Nilitafuta uzi. Kucha zangu zilikuwa fupi mno, na ncha ya msuko ilikuwa imefungwa sawasawa, kwa fundo dogo gumu la mtu aliyejua anafunga kwa mara ya mwisho. Nilisema labda nilete mkasi.

"Usikate," alisema Aikande.

Alinyoosha mkono wake ule mbovu, akaulaza juu ya wangu, akausogeza kidogo kulia mpaka ukucha wangu ukaingia chini ya uzi.

"Hapo," alisema. "Vuta taratibu. Nataka kuuona ukifunguka."